Kiberiti cha Mpiga Tarumbeta

Kabla hujaipeleka hadithi hii kwenye kundi la familia, isome mwenyewe hadi chini. Kuna watu hupeleka kwanza na kusoma baadaye, na hadithi yenyewe inawahusu.

Palikuwa na chuo kimoja cha udaktari wa meno, na katika chuo hicho palikuwa na profesa aliyeitwa Mkwizu. Profesa Mkwizu aliyapenda sana majina. Si majina ya wagonjwa; hayo aliwaachia manesi wayaandike kwenye mafaili. Alipenda majina ya wale madaktari wa zamani wa Ulaya ambao kila mmoja alikuta kitundu, kinundu au kimfereji mwilini mwa binadamu, na tangu siku hiyo kikaitwa kwa jina lake.

"Kinywa ni mji," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Kila kichochoro kina mwenyewe. Daktari asiyewajua wenye mji atapotea."

Jambo ambalo hakulisema, lakini chuo kizima kililijua, ni kwamba kwa miaka thelathini alikuwa akitafuta kichochoro kimoja kilichosahaulika, naye apate cha kuitwa Mkwizu. Alishachungulia mataya ya juu yasiyo na idadi. Kila alipofika alikuta mwenzake alishatangulia.

Nyamizi alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Mikono yake ilikuwa myepesi na wagonjwa walimpenda, ila majina hayo hayakumkaa kichwani. Mwaka uliotangulia yalimfelisha mtihani wa kuulizwa ana kwa ana. Sheria ya chuo iliruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli tena, anarudi Tabora bila cheti baada ya miaka mitano, kwa mama yake ambaye mtaa mzima ulishaanza kumwita Mama Dokta.

Siku ya mtihani ikafika. Watahini walikuwa wawili: Profesa Mkwizu, aliyevaa tai ya bluu, na Dokta Mwasiti, mama wa makamo kutoka chuo kingine, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno. Wanafunzi waliingizwa wawili wawili. Nyamizi aliingia na Gervas, kijana ambaye kichwa chake kilikuwa kabati la majina.

Kwenye kiti alikaa mgonjwa wa mtihani, Bwana Pazi, mpiga tarumbeta wa harusini. Taya lake la juu, upande wa kulia, lilikuwa likimuuma kwa mwezi na nusu. Gego moja lilishang'olewa na maumivu hayakupungua hata chembe. Sasa alikuwa ameandikiwa kung'olewa mawili mengine saa nane mchana siku hiyohiyo. Na shavu la mpiga tarumbeta likikosa meno ya kuegemea, pumzi nayo hukosa pa kukaa.

Alianza Gervas. Alimfungua Bwana Pazi kinywa, akaingiza kioo, akatiririka.

"Huu ni mfereji wa Stensen, Profesa, unaleta mate mkabala na gego la pili. Juu ya mizizi lipo pango la Highmore, limetandikwa utando wa Schneider."

"Na gego la kwanza?"

"Upande huu halipo, Profesa. Ila lile la kushoto lina nundu ya Carabelli."

Profesa alifumba macho kama mtu anayesikia wimbo wa harusi yake. "Na mgonjwa tumfanyeje?"

"Tuendelee kama ilivyoandikwa. Tung'oe hayo mawili."

"Safi sana."

Kwa muda wote huo hakuna aliyemsemesha Bwana Pazi. Alikuwa amekodoa macho darini, kinywa wazi, mkono umekamata ukingo wa kiti.

Zamu ya Nyamizi ilipofika, alivuta stuli akakaa karibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Nieleze yanavyouma."

"Nani, mimi?"

"Wewe ndiye unayeumwa."

"Haya. Nilidhani hapa mnaongea nyinyi tu." Bwana Pazi akajiweka sawa. "Jino lenyewe silijui. Leo linauma hili, kesho jirani yake. Kama walinzi wanaopokezana zamu."

"Maji baridi?"

"Nakunywa bila shida."

"Yanazidi wakati gani?"

"Nikisujudu. Paji la uso likigusa mkeka, shavu lote linakuwa zito kama limemwagiwa zege. Na nikishuka ngazi, kila hatua inagonga huku juu. Tarumbeta ndilo siwezi kabisa. Jumamosi iliyopita bibi harusi ametoka nje, nimepuliza mara tatu, nikampa mwenzangu amalizie."

"Yalianza baada ya nini?"

"Mafua. Yakapona upande mmoja. Pua hii ya kulia mpaka leo imeziba."

Nyamizi aligonga meno ya upande ule kwa mpini wa kioo, moja baada ya jingine. Matatu yaliuma sawasawa. Kisha akabonyeza taratibu chini ya jicho, na Bwana Pazi akarudisha kichwa nyuma ghafla.

"Profesa," alisema Nyamizi, "meno haya ni mazima. Juu yake, ndani ya mfupa, kuna pango la hewa, nalo limejaa usaha tangu yale mafua. Mizizi ya magego iko chini yake kabisa. Ni kama nyumba ya ghorofa: bomba limepasuka juu, sisi tunamfukuza mpangaji wa chini kwa sababu kwake ndiko kunakovuja."

"Pango gani?"

"Hili la chini ya jicho."

"Nimekuuliza linaitwaje."

Gervas alikuwa amelitaja muda si mrefu. Lakini wakati ule Nyamizi alikuwa akiutazama ule mkono ulioshika kiti. Akatafuta kichwani, akakuta majina manne ya Kizungu yamesimama mlangoni na hakujua lipi ni lipi. Angeweza kuokota mojawapo na kujaribu bahati. Akamfikiria mama yake. Akamtazama Bwana Pazi.

"Silikumbuki, Profesa. Ninachojua ni kwamba limejaa, na kulitibu hakuhitaji koleo."

"Basi umefeli." Profesa aliandika sifuri, akaizungushia duara. "Mtu asiyejua jina la anapogusa hana tofauti na fundi baiskeli. Mgonjwa atarudi saa nane. Anayefuata."

Nyamizi alisimama. Akairudisha stuli mahali pake.

"Samahani, Profesa," alisema Bwana Pazi, ambaye hakuwa amesimama. "Kabla hamjaning'oa hayo mawili, naomba kuuliza. Hili la kwanza lilikuwa na ugonjwa gani?"

Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kiberiti. Ndani yake, juu ya pamba, lilikuwepo gego.

"Umelitunza?" aliuliza Dokta Mwasiti. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimelitunza, mama. Siku lilipotoka daktari alifurahi mno. Alisema lina nundu ya bwana mkubwa mmoja wa ng'ambo. Akaita watu waje kuliona, wakalipiga picha kwa simu. Nikajua nina kitu cha maana, siwezi kukitupa."

Dokta Mwasiti alilichukua lile jino akasogea dirishani. Aliligeuza upande wa nundu, akaligeuza upande wa mizizi, akalitazama utosini.

"Nundu naiona," alisema. "Nzuri kweli. Tundu liko wapi?"

Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, wote walione.

"Halina hata doa. Jino hili ni zima kuliko langu ninalotafunia. Nani alilitoa?"

"Mimi siwezi kumtaja mtu mzima mbele ya wageni," alisema Bwana Pazi. "Ila leo amevaa tai ya bluu."

Mkono wa Profesa ulipanda wenyewe shingoni.

Dokta Mwasiti aliagiza mgonjwa akapigwe eksirei, ambayo mwezi mzima Profesa alisema haina haja. Nusu saa baadaye picha ilining'inizwa kwenye taa. Chini ya jicho la kushoto pango lilikuwa jeusi, lina hewa. La kulia lilikuwa jeupe kutoka sakafu hadi dari.

Profesa Mkwizu aliisogelea ile picha, akalinganisha pango la kulia na la kushoto. Nyamizi alisubiri afoke. Gervas alijisogeza karibu na mlango. Lakini Profesa alirudi mezani, akaikata ile sifuri, akaandika alama nyingine na kutia saini pembeni.

"Pango la Highmore," alimwambia Nyamizi kwa sauti ya chini. "Liandike mahali usilipoteze. Halafu mwandikie mgonjwa wako dawa."

Kisha akamgeukia Bwana Pazi. "Nilikung'oa jino zima. Nisamehe."

"Na haya mawili?"

"Hayaguswi."

"Basi yameisha, Profesa. Ila kiberiti changu nirudishie."

Mahafali yalipofika, tarumbeta lililompokea Mama Dokta getini lilipulizwa na Bwana Pazi, na halikukatika hata mara moja.

Mwaka uliofuata, somo la kwanza la wanafunzi wapya, Profesa Mkwizu alichora taya la juu ubaoni. Akaandika Stensen, akaandika Schneider, Highmore na Carabelli, kila mtu mahali pake. Mwishoni akafuta gego moja kwa kidole gumba, na penye nafasi ile akaandika: *Pengo la Mkwizu.*

Msichana wa mstari wa mbele alipekua kitabu kutoka jalada hadi jalada. "Profesa, hili silioni."

"Halimo kitabuni. Ni nafasi inayobaki kinywani daktari anapong'oa jino zima bila kumuuliza mwenye kinywa. Aliyeligundua ni mgonjwa. Mimi nimelitengeneza tu."

"Kwenye mtihani litakuja?"

"Kwenye mtihani haliji," alisema Profesa, akipangusa chaki mikononi. "Litakuja kazini."

Funzo: Kujua kitu kinaitwaje bado si kujua kimepatwa na nini. Kabla hujaonyesha unayoyajua, muulize anayeumwa, na umsikilize mpaka amalize.