Mlango wa Nyama

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ndiyo sauti ya watoto waliomaliza sufuria zima la ugali? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Mimi natangulia, ninyi nifuateni, na atakayesinzia njiani tutamwacha hukohuko.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama mimi na wewe, paliondokea Ngiri na watu wake. Walikuwa wanne. Baba aliitwa Makeke. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana, jina lake Chereko, na mama akaitwa Mama Chereko. Mtoto wa pili alikuwa mvulana, jina lake Donge. Makeke hakutaka kuitwa Baba Chereko. Alitaka kuitwa Baba Donge, na ukikosea alinuna siku nzima.

Waliishi shimoni. Shimo lenyewe alilichimba Muhanga chini ya kichuguu, akahama, nao wakahamia. Ngiri na jembe wapi na wapi!

Sasa sikilizeni desturi ya ngiri. Ngiri haingii nyumbani kama ninyi, kichwa mbele kufuata harufu ya mchuzi. Ngiri huingia kinyumenyume. Hukimbia mpaka mlangoni, hugeuka ghafla, hutanguliza matako, na kichwa hubaki mlangoni na yale meno yake marefu. Adui akija, anakutana na meno. Lakini kugeuka ukiwa mbioni si kazi ya kila mtu. Inataka magoti mepesi, inataka pumzi, inataka kiuno kisichobishana na mwenyewe.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Watoto wakafungiwa ndani.

Siku ya kwanza mama akasema, "Wanangu, maji yamejaa uwanjani, hayajajaa miguuni mwenu. Inukeni tucheze humuhumu ndani."

Chereko akainuka. Wakaruka gogo. Wakachuchumaa na kuinuka. Wakakimbia kinyumenyume kutoka jikoni mpaka mlangoni. Donge alikuwa amelala ubavu, anatafuna kiazi.

"Donge, njoo."

"Mama, ndiyo kwanza nimekula. Tumbo litanipasuka."

Makeke akadakia, "Mwache mwanangu! Wanaorukaruka ni panzi."

Siku ya pili mama akamwita tena.

"Mama, leo sijala. Nitapata kizunguzungu."

Makeke akadakia, tena kwa sauti ya kusikika pori zima, "Mtoto wangu atoke jasho kwa lipi? Jasho ni la wenye shida!"

Siku ya tatu mama akamwita tena.

"Mama, nangoja mvua ikatike nikacheze nje, kwenye hewa safi."

Makeke akacheka mpaka akajipiga paja. "Mmemsikia? Akili zote hizi kazitoa kwangu!"

Hapo alisema kweli.

Basi masika yakapita hivyo. Donge akitaka maji, "Chereko, nisogezee kibuyu." Mgongo ukimwasha, "Chereko, nikune." Chereko anaruka gogo huku, anakuna mgongo kule. Baba amelala upande huu, mwana upande ule. Nungunungu jirani alipopita kuomba moto, Makeke alimpapasa Donge tumbo na kusema, "Unaona, jirani? Haya ndiyo malezi." Nungunungu akachukua moto wake, akaenda zake.

Mvua ikakatika. Ngiri wote wanne wakatoka kula majani mabichi, wamepiga magoti kama kawaida yao. Nyuma ya kichaka alikuwapo Fisi. Fisi huyo alikuwa na siku tatu hajatia kitu mdomoni.

"Fisi! Kimbieni!" mama akapiga kelele.

Chereko akakimbia, akageuka, fyuu, yumo ndani. Mama akakimbia, akageuka, fyuu, yumo ndani. Na Donge je? Hatua kumi za kwanza alikimbia. Kumi za pili alitembea. Kumi za tatu alimwita Chereko aje ambebe.

Makeke akamsukuma kwa nyuma mpaka mlangoni. "Geuka, mwanangu! Geuka!"

Donge akageuka, akaanguka kifudifudi. Akageuka tena, akaanguka kichalichali. Mara ya tatu akaona isiwe taabu, akaingiza kichwa. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likakataa.

Nusu ndani, nusu nje! Miguu ya nyuma inapiga teke hewani, na matako yake yote mawili yanamtazama Fisi.

Fisi akapunguza mwendo. Haraka ya nini tena? Akacheka, akasema, "Nimeona milango ya miti, nimeona milango ya mabati. Mlango wa nyama ndiyo kwanza naona leo."

Makeke akaruka mbele yake, akatoa meno. "Huyu ni mwanangu! Utaanza na mimi!"

"Shikamoo, Baba Donge," akasema Fisi. "Nilikusikia ukisema jasho ni la wenye shida. Hebu tulione lako."

Wala hakupigana. Alikizunguka kile kichuguu taratibu, anatafuta nafasi ya kuuma, na Makeke akawa anazunguka naye kumkinga mwanawe. Mzunguko wa kwanza, Makeke akatoa ulimi. Mzunguko wa pili, magoti yakaanza kugongana. Mzunguko wa tatu, akaona Fisi wawili, na hakujua amkinge mwanawe na yupi. Akaogopa. Hajawahi kuogopa vile maisha yake yote.

Kule ndani, mama alishika sikio hili la Donge na Chereko sikio lile. Wakavuta. Donge akaguna, hakusogea. Wakavuta. Donge akalia, hakusogea. Mama akasema, "Kanyaga chini mwanangu, kama dada yako alipokuwa akiruka gogo!" Wakavuta mara ya tatu. Poo! Donge akaangukia jikoni.

"Baba Donge, ingia!" mama akaita. "Kinyumenyume!"

Makeke akakimbilia mlangoni. Akataka kugeuka. Magoti yakagoma, pumzi ikagoma, kiuno ndiyo usiseme. Mzee mzima, mwenye meno yake, akaingia nyumbani kichwa mbele kama mtoto mchanga, mkia ukabaki nje.

Kwacha!

Fisi akaondoka na mkia mdomoni, analalamika njia nzima kwamba hauna nyama.

Makeke akataka kukaa, akashindwa kukaa. Donge akamtazama, machozi yakamtoka.

"Baba, mkia wako!"

"Umeliwa, mwanangu," akasema Makeke. Sauti yake ilikuwa ndogo, na aibu ilikuwa imemjaa. "Nao ni mkia tu. Kidogo nimlishe Fisi wewe mzima, maana masika yote nilikuwa nakunenepesha kwa ajili yake. Inuka."

Donge akainuka. Kesho yake akainuka tena, bila kuitwa.

Ndiyo maana mpaka leo ngiri wakikimbia, husimamisha mikia juu. Wanaonyeshana, "Wangu upo! Wangu upo!" Chereko alisimamisha wake, na Donge alisimamisha wake. Makeke naye alikimbia nao kila siku, nyuma kabisa, hana cha kusimamisha.

Hadithi hii inatufunza kwamba mtoto aruke, akimbie na kujinyoosha kila siku, hata kama mvua imemfungia ndani, maana siku ya hatari haingoji uanze mazoezi. Na mzazi anayemsifu mtoto kwa kulala, anamwekea mtu mwingine chakula mezani.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni wote. Ikiwa imemchoma mtu, basi ni yake peke yake.