Lita ya Darasani

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, jogoo aliyeshuhudia bado anawika, nesi Asteria wa zahanati aliwafundisha wahudumu wa afya watatu kwa wiki sita. Mgonjwa wao wa mazoezi alikuwa mwanasesere. Wahudumu watatu, mwanasesere mmoja, na baiskeli moja tu ya kuzungukia kijiji. Nesi akasema, "Atakayemwokoa mtoto wa kwanza, baiskeli yake. Na mama wa mtoto ndiye atakayeamua."

Mtoto wa kwanza akawa Nestori wa Redemta, miezi minane.

Redemta alikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne, na asubuhi hiyo cheti hakikumfaa kitu, maana Nestori aliharisha mara moja, mara tatu, mara ya sita, macho yakaingia ndani, midomo ikakauka, na mama mkwe wake, Bibi Ngonyani, ameukalia mtungi wa maji ya kuchemsha. "Anayeharisha hapewi maji, mwanangu. Yatapita tu." Redemta akatoka mbio mpaka njiani, akaita yeyote.

Wakaja wote watatu.

Kastori, aliyekariri kitabu kizima, akasimama mlangoni. "Naitwa Kastori, mhudumu wa afya ya jamii, naomba ridhaa yako."

"Ingia, kaka, mtoto anakufa."

"Hujasema kama umeridhia."

Akaridhia. Kastori akamfinya Nestori ngozi ya tumbo, Nestori akapiga yowe, Kastori akaruka nyuma. Mwanasesere wa darasani hakuwahi kulia. Lakini ngozi ilirudi polepole, naye akasema sawasawa: "Amepungukiwa maji. Anywe sasa hivi, na akishindwa kunywa, mbio zahanati."

Bibi hakuinuka.

Vumilia, aliyetolewa darasani mara nne kwa kuchekesha wenzake, alikuwa Mhehe, na Bibi ni Mngoni, watani wa jadi. Akamtazama Bibi juu mpaka chini. "Kumbe Wangoni siku hizi mnapigana vita na watoto wachanga."

"Nyie mnasema nini? Tuliwakimbiza mkaacha viatu."

"Ndivyo nilivyofuata. Vimo humo mtungini. Hebu sogea."

Na mtani hakatazwi. Bibi akacheka mpaka akainuka, Vumilia akabeba mtungi mzima.

Kastori akatoa pakiti ya chumvichumvi, dawa ya unga ya kumrudishia mtoto maji, akaimimina yote kwenye kikombe kimoja cha maji. Kitabu kilisema lita moja, lakini darasani dumu la lita lilikosekana, nesi akainua kikombe akasema, "Tuseme hii ndiyo lita." Kastori akakariri na hilo.

Mama Fidea, mhudumu wa tatu, muuza togwa, aliyepata alama nne tu kwenye mtihani, akachovya kidole, akatema. "Kastori baba, hii ni ya kukaushia samaki. Lita naijua, naiuza kila siku." Akamwaga, akaosha dumu lake la togwa, akafungua pakiti nyingine, akapima, akaonja: haikuzidi chumvi ya machozi.

Redemta akanywesha kijiko kwa kijiko, nusu ikaishia shingoni kwa mtoto. Jua lilipofika utosini, Nestori akakojoa, juu ya shati la Kastori, na nyumba nzima ikashangilia kama bao.

Nesi akaleta baiskeli.

Kastori akasema, "Mimi ndiye niliyejua ugonjwa."

Vumilia akasema, "Ukasimama na ujuzi wako mkavu. Maji aliyatoa nani?"

Mama Fidea akasema, "Mkayapata maji, mkataka kumkausha nayo mtoto wa watu."

Bibi Ngonyani akasema, "Na mimi niliyeinuka?"

Redemta ameshika usukani, Nestori mgongoni, kijiji kina vilima viwili, na atakayempa baiskeli ndiye atakayewahi siku nyingine, wenzake watafika kwa miguu, wakihema. Anawatazama mmoja mmoja, na usukani hauachii.

Nyie mnaocheka hapo, wenye watoto na msio nao, mtoto wako akianza kuharisha kesho, ungependa kusikia kengele ya nani mlangoni? Je, nani alistahili?