Fukusi Azikwa Chini ya Mgomba

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kuweka milango, Kifaru alikuwa na shamba la migomba lisilo na mfano. Alilizungushia boma, akakaa langoni na pembe yake, na kila apitaye alimwambia atazame kwa macho tu.

Siku moja akafika Bi Fukusi, mdudu mdogo mweusi mwenye domo refu, tumbo limemjaa mayai. Fukusi huyu hana pa kulelea wanawe ila ndani ya tunguu la mgomba, kule chini udongoni. Akaomba kwa adabu apewe mgomba mmoja tu, hata ule uliodumaa.

Kifaru akacheka mpaka masikio yakamtikisika. "Wewe punje ya pilipili manga, uzazi wako unanihusu nini? Potea."

Fukusi aliingiwa na uchungu moyoni, maana siku zake zilikuwa zimefika. Akakunja miguu, akaanguka chali, kimya.

Mke wa Kifaru akatoka, akamwona. "Baba Kishindo, umeua mjamzito mlangoni kwetu. Watu watasema nini?"

Kifaru aliogopa aibu kuliko simba. Akaamua kumzika upesi, tena kwa heshima, majirani wasipate la kusema. Akachagua mgomba mnono kuliko yote, akachimba kwa pembe chini ya shina, akamlaza marehemu taratibu, kisha akatoa hotuba ndefu juu ya jirani mwema aliyempenda sana, na machozi juu yake.

Marehemu aliisikiliza hotuba yote. Walipoondoka akanyoosha miguu, akatoboa tunguu, akataga.

Wanawe wakala, wakakua, wakazaa. Majani yakawa manjano. Kifaru akasema ni kiu, akamwagilia. Yakazidi, akasema ni njaa, akatia samadi. Kikapita kijiupepo cha kukausha nguo tu, na mgomba ukaanguka, pu! na mkungu wake mchanga. Ukafuata mwingine, na mwingine.

Mkewe akayatazama matunguu, yametobolewa kama chekeche, akashauri wafukue lile kaburi. Kifaru akakataa kabisa. Ajulikane kuwa alimlilia mdudu aliye hai? Akasema udongo umelaaniwa, akang'oa machipukizi, akayabeba mgongoni kuvuka mto.

Ndani ya chipukizi mojawapo, Bi Fukusi alikuwa amestarehe na wajukuu zake. Mmoja akamwuliza wanakwenda wapi.

"Shamba jipya," akamjibu. "Tulieni, msije mkamwangusha mchukuzi wetu."

Anayeificha aibu yake, huibeba mwenyewe hadi aendako.