Chungu Kilichotolewa Kabla ya Majibu

Hapo zamani, na msianze kunihesabia miaka, maana simu za mkononi zilikuwepo na watu walishazoea kupigwa picha za ndani ya mwili, kwenye kilima kimoja cha wafinyanzi aliishi mwanamke aitwaye Nakiete. Ukipika maharage kwenye chungu cha Nakiete, jirani anakuja bila kuitwa.

Nakiete aliugua saratani ya ziwa. Akafanyiwa upasuaji, akatiwa dawa za dripu, nywele zikamtoka, zikaota tena. Akapona. Lakini ugonjwa ule ukishamtembelea mtu, madaktari hawamwachi hivi hivi. Kila miezi sita walimwita hospitali ya mjini kumpiga picha ya mapafu, waone kama haukutoroka ukajificha humo. Mara ya nne wakaona kidoa kidogo kama punje ya mtama.

"Mama," daktari akamwambia, "inaweza kuwa kovu tu. Inaweza kuwa ndio umerudi. Twende miezi sita, tupige tena. Kikikua, tutajua."

Miezi sita ikaisha. Nakiete akalala kwenye ile mashine ya duara, sauti ikamwamuru avute pumzi, aizuie, aiachie. Alipotoka, mtaalamu wa mashine akamwonyesha mapafu yake kwenye kompyuta. Kuhusu kidoa akafunga mdomo, akasema hilo ni la daktari bingwa, lakini mapafu akamwonyesha. Jamani, mtu ameishi na mapafu yake miaka hamsini na miwili, hajawahi kuonana nayo. Akaona vijitawi vyembamba vinavyogawanyika, na kugawanyika tena, mpaka jicho linashindwa kuvifuata. Nakiete aliyefinyanga tangu utotoni akasema moyoni, aliyefinyanga hiki, mimi sifai hata kumkandia udongo. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya hofu.

Hofu ilianza alipofika mlangoni. Wakamwambia, "Majibu ni baada ya wiki mbili."

Eliwaza, binti yake wa pekee, alikuwa mwalimu pale mjini, hivyo yeye ndiye aliyebaki kufuatilia.

"Ukiyapata usinisomee kwenye simu," Nakiete akamwambia. "Niletee mwenyewe, nikuone."

"Gari la huko linapanda Jumanne na Ijumaa tu, mama."

"Basi nitasubiri gari."

Siku ya kwanza nyumbani alikohoa mara moja, akasema, ndio huo. Siku ya pili hakukohoa kabisa, akasema, umetulia ili unishtukize. Siku ya tatu alikuwa anachambua maharage mchana kweupe, kifua kikambana. Kilivyombana akaogopa, na alivyoogopa kikambana zaidi, mpaka ungo ukamponyoka.

Mumewe Mbonea alikuwa mpasua mbao. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni, msumeno mmoja kati yao, na pumzi zao zisipokwenda pamoja msumeno unakwama. Mbonea akamkuta mkewe ameshika kifua. Hakumwambia pole. Hakumwambia utapona. Akakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akaanza kupumua kama anavyopumua kazini, taratibu na kwa kina. Nakiete akausikia ule mgongo unapanda na kushuka. Pumzi yake ikakataa, ikababaika, kisha ikafuata. Tangu hapo, hofu ikija asubuhi, Mbonea anakaa. Ikija jioni, Mbonea anakaa. Magogo yakalala porini, mwenzake wa msumeno akamnunia, lakini Mbonea akakaa.

Nanzia, dada yake Mbonea, hakuumbiwa kukaa. Siku ya nne alifika na beseni la udongo kichwani, akaubwaga miguuni pa Nakiete.

"Wifi, finyanga."

"Wifi, mikono inatetemeka."

"Ifinyange hivyo hivyo inatetemeka. Nani kakwambia nataka vyungu vizuri?"

Akaweka na sharti. Kila asubuhi Nanzia alibandika birika la chai jikoni. Mpaka lichemke, Nakiete aliruhusiwa kuogopa, tena kwa sauti, bila kubakiza. Likichemka, hofu inafungwa mpaka kesho. Nakiete akasema anaogopa kufa akitafuta pumzi. Akasema anaogopa dripu. Akasema anaogopa Mbonea atabaki anakula ugali wa jana. Nanzia hakumwambia hata mara moja kwamba asiseme hivyo, ila la ugali alilifuta palepale, maana kaka yake atakula kwake. Siku Nakiete alipokataa kugusa udongo, Nanzia alimfokea mpaka majirani wakachungulia. Nakiete akalia, akafinyanga akilia. Vyungu saba vikasimama kivulini vikikauka.

Sasa sikilizeni mwiko wa kilima kile. Vyungu vikiwa motoni, habari hailetwi. Iwe ya harusi, iwe ya msiba, mwenye habari husimama na kufunga mdomo mpaka moto ufe, kwa sababu mfinyanzi akishtuka hukosea kuni, na mwali ukilalia upande mmoja chungu hupasuka. Na chungu cha kwanza kutoka motoni mfinyanzi hakiuzi, wala hakipikii. Humpa aliyembeba kuanzia kwenye udongo mpaka kwenye moto. Mtu mmoja, si wawili.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa, upepo umetulia. Nakiete akapanga vyungu, akavizungushia kuni, akavifunika kwa nyasi kavu, akawasha. Moto ulikuwa umeshashika vizuri Eliwaza alipotokea njiani na bahasha ya kaki.

Eliwaza alikuwa na majibu yale tangu Jumatano. Daktari alimfafanulia neno kwa neno, kwa hiyo alijua. Alhamisi mama yake alimpigia kumwagiza majani ya chai, na watu hawa wawili wakazungumza habari za majani ya chai, bahasha iko mezani mbele ya binti. Mama hakuuliza. Binti hakusema.

Aliuona moto, akasimama. Akaiweka bahasha chini akaikandamiza na jiwe, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusogeza kuni.

Nakiete akamtazama usoni. Alimzaa, alimnyonyesha, anamjua mpaka anavyopiga chafya. Hakuona kitu. Uso wa Eliwaza ulikuwa umefagiliwa.

Masaa matano moto ule uliwaka. Kifua kikambana Nakiete, Mbonea akakaa nyuma yake akapumua. Mikono ikatetemeka, Nanzia akasema, "Kuni ya kushoto, wifi." Macho yakakimbilia kwenye jiwe, Eliwaza akampa ukuni mwingine. Majirani walikuja, wakaona bahasha, wakaona moto, wakasimama kimya, hata wale ambao hatukuwahi kuwaona wamenyamaza. Nimeona mengi katika maisha yangu. Lakini watu wanne wanaolinda vyungu saba vya udongo, huku maisha ya mmoja wao yamekandamizwa na jiwe hatua kumi tu kutoka pale, na asiwepo hata mmoja wa kunyoosha mkono, hilo sijaliona tena. Mwili ulinisisimka, na nikilisimulia bado unanisisimka.

Moto ukafa. Nakiete akachukua mti mbichi, akavuta chungu cha kwanza kutoka kwenye majivu. Kilipopoa kidogo, akakigonga kwa kidole. Kikalia vizuri, hakina ufa. Eliwaza akainua bahasha, akafungua kinywa.

"Ngoja, mwanangu," Nakiete akasema. "Nikisikia kwanza, chungu hiki nitakitoa kwa furaha au nitakitoa kwa uchungu. Mimi nataka kukitoa kwa haki. Semeni mlivyonibeba, kila mtu la kwake."

"Mimi sina aibu, naanza," Nanzia akasema. "Wifi, bila mimi leo hapa hakuna moto. Udongo nilileta mimi. Na hofu yako yote niliisikiliza mimi, asubuhi baada ya asubuhi, mambo ambayo mtu hamwambii hata mumewe. Kaka alikaa tu."

"Jaribu wewe kukaa tu," Mbonea akamwambia dada yake. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Eliwaza, mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe. Kila ulipoishiwa pumzi na mimi ya kwangu ilitaka kukatika. Nikaitafuta, nikaipata, nikakupa. Sina lingine."

Watu wakatazamana. Nanzia mwenyewe akainamisha kichwa.

"Baba, shangazi," Eliwaza akasema, "nyie mlikuwa mnasubiri pamoja. Mama akilia, mnalia naye. Mimi nimejua tangu Jumatano, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu wa kwanza kuambiwa ni yeye. Nimeagizwa majani ya chai nikaleta majani ya chai. Leo amenitazama usoni masaa matano, akinitafuta, nami nikajificha kwa mama yangu mzazi ili vyungu vyake visipasuke. Mama, nimechoka. Sijawahi kubeba kitu kizito hivi."

"Lakini ungeweza kumpunguzia siku mbili za hofu," Nanzia akasema kwa sauti ya chini. "Kwa simu moja."

"Aliniomba nisimsomee kwenye simu, shangazi."

"Na mimi aliniomba nisimfokee. Nilimfokea."

Nakiete alisimama na chungu mikononi, bado kina uvuguvugu, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama alivyoyatazama mapafu yake siku ile, kwa mshangao wa mtu aliyeonyeshwa kilichokuwa kinampa uhai muda wote bila yeye kukiona. Kisha akatembea hatua tatu, akakiweka chungu mikononi mwa mmoja wao. Akafuta majivu kwenye kanga, ndipo akaipokea bahasha.

Naona mmenitolea macho. Mnataka kujua kidoa kilikua au hakikukua. Najua, maana nilikuwepo. Lakini siwaambii, kwa sababu mkishasikia hamtahukumu tena, mtafuata habari. Nakiete alitoa chake kabla hajajua, nanyi toeni chenu hivyo hivyo. Yupo aliyempa pumzi yake. Yupo aliyeipokea hofu yake na kumrudishia mikono yake. Yupo aliyelibeba jibu peke yake, na kumficha mama yake uso. Chungu ni kimoja, na hakigawanyiki.

Je, nani alistahili?