Sufuria ya Wageni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisomesha watoto wao shule moja, lilitokea jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu. Nyati mdogo, ambaye baba na babu yake waliota pembe kwa kula majani, alipofika shuleni aliyakataa majani. Kwa nini? Nimeuliza wengi, wanangu. Kila mmoja alikuna kichwa.

"Mchicha? Mimi?" Nyati alisema, akisukuma sahani. "Hicho ni chakula cha wagonjwa!"

"Nipe maandazi!" Kiboko alidakia. Naye Kiboko alikuwa mkubwa kuliko meza. Wakubwa wakikataa, wadogo nao hukataa, wasije wakachekwa. Basi kila mchana sufuria ya mboga ilirudi jikoni imejaa, na mpishi, Bi Kanga, akaimwaga jaani huku machozi yakimlengalenga.

Siku moja Mwalimu Mkuu, Mzee Kobe, alikuja jikoni. Alifika polepole, akasema polepole.

"Bi Kanga, chakula hakiliwi. Sufuria ikirudi imejaa leo tena, jiko nalifunga. Kila mtoto atakuja na chake."

Pimbi alikuwa mlangoni, akasikia. Pimbi ni mnyama mdogo anayekaa majabalini. Kwao ni mbali, na mama yake alikuwa akishinda shambani mpaka jua lizame. Jiko likifungwa, yeye atashinda na njaa.

"Bi Kanga," alinong'ona Mzee alipoondoka, "una kawa?"

"Kawa ya kufunikia chakula cha wageni? Ninayo. Ya nini, mwanangu?"

"Niazime. Na leo mchicha utie nazi kama kawaida, ila usimpakulie mtu."

Mnajua desturi ya nyumbani. Chakula kikifunikwa kwa kawa nzuri ya ukili, mtoto hagusi. Kimewekewa wageni. Na mnajua pia macho ya mtoto huwa wapi.

Kengele ikalia, nge! nge! nge! Watoto wakaingia bwaloni. Wakaikuta sufuria juu ya meza ya peke yake, imefunikwa kwa kawa yenye nakshi nyekundu, na Pimbi amesimama kando yake akiipepea.

"We Pimbi! Kuna nini humo?" Nyati aliuliza.

"Si chenu. Cha wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni ni wageni. Nyinyi kuleni maandazi yenu."

Kiboko alivuta pua. Fuu! Fuu! "Mbona inanukia nazi?"

"Rudi nyuma, kaka! Usije ukaidondoshea jasho."

"Funua kidogo tu, tuone."

"Thubutu! Haya, mimi naenda kunawa mikono. Atakayegusa nitamsemea kwa Bi Kanga."

Pimbi akatoka, tena kwa mwendo wa kujivuta. Alikuwa hajafika hata kwenye bomba wale wawili walipoanza.

"Kijiko kimoja," Nyati alisema.

"Kimoja tu," Kiboko alikubali.

Wakafunua. Mvuke ukapanda, fuuu! Nyati akachota. Nyam!

"Lo! Kumbe!"

"Umeacha shimo, mjinga we! Watajua. Lisawazishe."

Ili kulisawazisha, Kiboko akachota upande wa pili. Upande wa pili ukazidi kushuka, Nyati akachota huku. Nyam, nyam, nyam! Wadogo walipoona hivyo wakaja na vijiko vyao kusaidia kusawazisha. Walisawazisha mpaka wakakwangua chini, kwaru, kwaru! Kisha wakairudisha kawa juu ya sufuria tupu, vizuri kabisa.

Ndipo Mzee Kobe akaingia, na Pimbi nyuma yake. Mzee akainua kawa, akatazama.

"Chakula kimekwenda wapi?"

"Wageni walikuja, Mwalimu," Kiboko alisema. "Wamekula, wamekwenda zao."

Jani la mchicha lilikuwa limemganda kwenye jino. Jingine lilining'inia kwenye pembe ya Nyati.

"Hawajaenda, Mwalimu," Pimbi alisema. "Wageni ndio hao. Tangu shule ifunguliwe hawajawahi kuitembelea sufuria hii."

"Ulitudanganya!" Nyati alifoka.

"Niliwadanganya, ndugu yangu. Nisingefanya hivyo, jiko lingefungwa leo. Sasa sema kweli: mboga ilikuwa mbaya?"

Nyati alitazama kwato zake.

"Bi Kanga," Kiboko aliita kwa sauti ndogo, "haikubaki hata kidogo jikoni?"

Bwalo zima likaangua kicheko, na Bi Kanga akacheka kuliko wote. Mimi siwalaumu wale wawili. Wanangu, asiyeonja hajui anachokikataa.

Mzee Kobe alifikiri kwa muda mrefu, kama ilivyo kawaida yake, kisha akaamua: jiko halifungwi, na kuanzia kesho mboga itapakuliwa kwanza, maandazi baadaye. Upawa akakabidhiwa Kiboko. Kesho yake Kiboko alipakua, sahani kwa sahani, na Nyati akasimama pembeni kuhakikisha kwamba mpakuaji hajipakulii kwanza mwenyewe.