Muswada wa Ushuru Ulioogopwa na Wenyewe

Isome polepole, kisha mpitishie kiongozi wa kundi lako, hata kama unamwogopa.

Zamani huko Marekani, enzi za treni za makaa, alikuwako mbunge mmoja aitwaye Elihu Abbott. Kwao ni nyanda za ngano. Chama chake kiliomba kura kwa ahadi moja: tutapunguza ushuru wa bidhaa za nje, mkulima anunue plau na viatu kwa bei ya kibinadamu.

Wakashinda. Kisha muswada ukaletwa, na ushuru ulikuwa umepanda.

Mbunge wa mji wa viwanda vya vioo aliongezewa ushuru wa kulinda vioo vya kwao. Wa ngozi akaongezewa ngozi. Wa glavu naye, jamani, hata glavu! Aliyewagawia wote ni kiongozi wao bungeni, mzee Hosea Winslade, ambaye akikukunjia uso, umekwisha.

Asubuhi ya kura, Winslade alimshika Elihu bega mlangoni.

“Bwana Abbott, ngano yako nayo nimeilinda. Utasema ndiyo?”

“Mzee, niliwaahidi watu wangu ushuru utashuka.”

“Ukisema hapana, chama kitapasuka, na atakayelaumiwa ni wewe. Humu hutarudi.”

Elihu aliingia ukumbini. Bunge lile lilipiga kura kwa kuita majina kwa alfabeti, na Abbott ndiye wa kwanza. Hakuwa na wa kujificha nyuma yake. Aliogopa sana. Akamkumbuka mjane aliyemwandikia kwamba analima kwa plau iliyofungwa waya.

“Abbott!” karani aliita.

“Ha... hapana.”

Winslade akageuka kumtazama. Karani akaendelea, na wengine kumi na tisa wa chama hicho hicho wakasema hapana.

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura chache, lakini chama kilikuwa vipande viwili, watu hawasalimiani hata kwenye ngazi. Uchaguzi uliofuata kila kipande kilisimamisha watu wake. Wapinzani wakapita katikati kiulaini.

Elihu na Winslade walikutana kituo cha treni, kila mtu na sanduku lake, wote wameshindwa.

“Mzee,” Elihu aliuliza, “kwa nini uliupandisha?”

Winslade aliketi juu ya sanduku lake.

“Unadhani niliupenda? Wenzako walikuja ofisini mmoja mmoja, kila mtu anatishia kuhama chama. Niliwaogopa. Nikawapa kila walichotaka.”

Elihu naye akaketi juu ya sanduku lake.

“Mzee, sisi tulikuwa tunakuogopa wewe.”

Treni ikapiga honi. Hakuna aliyeinuka.

Funzo: Chama, ndoa au ukoo unaoshikamana kwa hofu umeshavunjika, bado kutangazwa tu. Mwambie mwenzako unachokiogopa kabla hamjaanza kuitwa majina.