Mfalme, Konokono Mwekundu na Mapaa ya Mtaa wa Chini

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie yule ndugu yako anayesema kila siku, "Hayo hayanihusu."

Mfalme mmoja wa mji wa pwani alikuwa anamwoza binti yake, akataka joho ambalo hakuna mfalme mwingine aliyewahi kulivaa. Akasikia habari za konokono wa baharini, mdogo kama punje ya mtama, mwenye gamba jekundu linalong'aa. Konokono huyo haishi popote ila chini ya mawe ya mwamba mmoja kusini mwa mji. Akifa, gamba lake hupauka. Kwa hiyo mfalme aliwataka wangali hai, wa kujaza joho zima.

Akamwita Mwanamize wa mtaa wa chini, mjane mwenye ulimi mkali, kiongozi wa wanawake waliookota chaza mwambani maji yakipwa.

"Funueni mawe yote," mfalme akasema. "Wote waliomo nileteeni."

"Bwana wangu, sisi tunachukua kinacholiwa, wadogo tunawaacha, na jiwe tunalirudisha lilivyokuwa. Ndiyo desturi yetu. Kuwamaliza viumbe kwa ajili ya nguo, hapana."

"Konokono tu hao! Si watahamia mawe mengine?"

"Mawe mengine yana wenyewe."

Watu barazani wakashika vinywa. Mfalme akapandwa na hasira.

"Haya! Kesho asubuhi paa lako linashuka. Jua likikuchosha, utakwenda mwenyewe kuyafunua hayo mawe."

"Lishushe," Mwanamize akajibu. "Mimi siendi ng'o."

Kulipokucha, akida wa askari akaja na watu wake, wakashusha makuti yote. Mwanamize akabaki ameketi sakafuni, vyombo vyake vyote wazi, jua linamchoma utosini. Usidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na hakuwa na pengine pa kwenda. Alilia, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, kisha akainjika chungu chake cha uji palepale juani.

Akida akaingiwa na haya. "Mama, sema neno moja tu turudishe paa."

"Neno ninalo. Nenda zako!"

Alasiri akasikia makuti yanaanguka tena, pu! pu! Akadhani askari wamehamia kwa majirani, na kwamba wenzake wanaadhibiwa kwa sababu yake. Akatoka nje mbio.

Lahaula! Hapakuwa na askari hata mmoja. Juu ya mapaa walikuwa wanawake wenyewe, wale wenzake wa mwambani, wengi wao wake za askari, kila mmoja anashusha paa lake kwa mikono yake. Na juu ya nyumba kubwa kuliko zote mtaani alikuwa Bi Zuwena, mke wa akida, kajifunga kibwebwe, anarusha makuti chini huku anamsema mfalme bila kupumua.

"Zuwena, una wazimu wewe?" Mwanamize akapiga kelele.

"Wazimu anao mume wangu! Kakushushia wewe paa, leo naye atalala chini ya lipi?"

Jioni askari waliporudi hawakukuta paa wala chakula. Asubuhi akida akaenda kwa mfalme peke yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bwana, wake zetu wameapa. Hakuna paa litakaloezekwa mjini mpaka kwa Mwanamize paezekwe kwanza."

"Waadhibuni!"

"Nani awaadhibu, bwana? Askari wako wote wanatafuta pa kulala."

Mfalme akachungulia dirishani. Mtaa mzima ulikuwa wazi, wageni wa harusi wako njiani, na wanawake walikuwa wanaimba. Akatoa amri makuti yapelekwe kwa Mwanamize, paezekwe upya.

Siku ya harusi alivaa joho lake la zamani. Akamkuta Mwanamize ameketi mbele kabisa, anakula pilau.

"Umeniaibisha kwa ajili ya kikonokono," akamnong'oneza.

"Na ungenigusa tena, ungemwoza binti yako bila mpishi wala mpiga ngoma," Mwanamize akajibu, akajiongezea nyama sahanini.

Funzo: Mwenye nguvu akibomoa nyumba ya mnyonge, usisubiri zamu yako ifike. Simama naye siku hiyohiyo, hata kama itakugharimu paa lako mwenyewe.